Boneti Yenye Kufuli

Bwana Mbawala amefariki. Habari ilinifikia kwa simu, kwenye kundi letu la wafanyakazi wa zamani wa mradi, asubuhi nikiwa nachambua mboga, na kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa kwanza, pole na sifa zilikuwa zimeshamiminika. Mzee wa nidhamu. Mtunza mali wa mfano. Enzi zake gari halikupotea hata nati. Mmoja aliandika kwamba kama vijana wa leo wangepata wasimamizi wa aina ile, nchi ingekuwa mbali. Kisha binti anayeendesha kundi hilo, ambaye aliajiriwa miaka mingi baada yetu na hajui lolote, akaniandikia pembeni: "Shikamoo mama. Wewe ndiye unayejua kuandika. Tuandikie maneno machache mazuri kuhusu mzee, yatasomwa makaburini." Nilikaa naitazama simu mpaka kioo kikazima chenyewe. Najua kwamba marehemu hasemwi. Nimeliheshimu hilo kwenye misiba mingi, hata ya watu walionikera. Lakini maneno mazuri kumhusu huyu sina, na nilipojaribu kuyatafuta, nilijikuta nimerudi mwaka ule nilipoishi mtaa wa Bombambili. Nilikusudia kuuandika mwaka huo baadaye, kwa utulivu. Nauandika sasa, na utulivu sina.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji nyekundu ambayo Dada Skola aliipiga deki kila Jumamosi mpaka ikang'aa. Skolastika alikuwa mkunga, amenizidi umri kiasi cha kuwa dada yangu mkubwa, mwanamke mfupi, mnene wa mabega, mwenye sauti iliyoweza kuvuka barabara. Tulipanga pamoja kwa sababu tulifanya kazi pamoja: mradi mdogo wa afya ya mama na mtoto, ambao siku hizi haupo tena, ulikuwa umekodi nyumba mjini Songea na kuifanya ofisi, na sisi wawili tulizunguka vijijini, yeye akipima wajawazito, mimi nikipima watoto uzito na kuandika. Jioni tulikula kwenye jamvi, ugali na dagaa wa Nyasa, au likolo, mboga ya majani ya maboga iliyoungwa kwa karanga, huku redio ikikoroma dirishani. Skola alikuwa anapenda sana kula kwa mkono. Alikuwa akiukanda ugali taratibu, anauzungusha kwenye vidole, anaubonyeza kwa dole gumba, huku anaendelea kusimulia kuhusu mama aliyemzalisha siku hiyo. Nilikuwa naitazama ile mikono na kufikiri kwamba nusu ya watoto wa vijiji vile waliguswa na mikono hiyo kabla ya kuguswa na mama zao. Ilikuwa mikono ya kawaida, kucha fupi, imekauka kwa sabuni. Naitaja sasa kwa sababu nataka msomaji aijue ikiwa mizima.

Gari letu la vijijini lilikuwa pikapu nyeupe ya zamani yenye turubai nyuma. Kabla sijaajiriwa lilikuwa na madereva wanaume, lakini Bwana Mbawala, mkuu wa usafiri, aliwafukuza akisema wananyonya oili na kubadilisha betri. Labda ni kweli. Akamshawishi mkuu wa mradi kwamba madereva ni hasara, wenye leseni waendeshe wenyewe. Kisha akamleta fundi achomelee bawaba kwenye boneti, akatia kufuli, na ufunguo akauvaa kwenye mkufu wa suruali yake. Kila asubuhi alikuja akiwa amevaa koti, anafungua, anatia maji kwenye rejeta, anachungulia, anafunga. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama karibu. Asubuhi yangu ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimetoka tu kupata leseni na bado nilijiona nina wajibu, nilimuuliza, "Shikamoo Bwana Mbawala. Maji na oili huwa tunaviangaliaje tukiwa safarini?"

"Marahaba. Wewe kazi yako usukani na pedeli," alisema. "Gari likiwaka, ondoka. Humu ndani ni kwangu."

"Na likitusumbua porini?"

"Binti, mwanamke akifunua boneti anatafuta nini? Sufuria?"

Wanaume waliokuwa barazani walicheka. Hata mlinzi alicheka. Skola, ambaye alikuwa anapakia mizani, hakucheka. Aliuliza kwa ile sauti yake, "Na siku ukiwa haupo?"

"Nitakuwepo," akasema Bwana Mbawala, akauachia ufunguo ukagonga paja lake.

Hilo "nitakuwepo" nimelibeba maisha yangu yote. Nimekutana na ndugu zake wengi tangu hapo. Kuna mume anayembeba mkewe kila siku kwenye gari ambalo mke ndiye aliyelinunua, na hamwonyeshi hata tairi la akiba liko wapi. Kuna fundi anayekufunika macho kwa mgongo wake ili usione anachofungua. Kuna mwalimu wa udereva anayekufundisha taa na alama za barabarani mpaka unapata leseni, wala hakuonyeshi kile kijiti cha kupimia oili. Wote wanakuahidi kwamba watakuwepo. Na gari haliharibiki mbele yao hata siku moja. Linaharibika ukiwa peke yako, mvua ikinyesha, na mtu nyuma anakutegemea.

Ilikuwa wakati wa mvua. Safari ya kijiji cha Mpitimbi ilipangwa, na asubuhi hiyo Bwana Mbawala hakuonekana. Mlinzi alitukabidhi funguo za gari, akasema mzee ameondoka alfajiri kwenda kwenye send-off ya mtoto wa ndugu yake huko Mbinga. Ufunguo wa kufuli ulikuwa umekwenda naye Mbinga, kwenye suruali. Tuliondoka, kwa sababu akina mama walikuwa wameshaambiwa siku, na mjamzito hapangiwi siku nyingine. Mshale wa joto kwenye dashibodi ya gari lile ulikuwa umekufa tangu nilijue, umelala pale chini kama umechoka. Tulifika salama. Tulipima watoto shuleni, tukala viazi vitamu na chai kwa mama mmoja, na tulipokuwa tunafunga mizani wakaja watu wanakimbia: kuna binti, anaitwa Adeltruda, uchungu umemshika tangu jana na mtoto hashuki. Skola alikwenda kumwona, akarudi anakunja mikono ya gauni. "Huyu anakwenda mjini," alisema. "Sasa hivi." Tukamlaza nyuma kwenye godoro, mama yake akapanda naye, Skola akapanda, mimi nikashika usukani.

Tulikuwa tumeacha vijiji nyuma, kwenye mwinuko wenye mahindi pande zote, gari lilipoanza kunuka kama nguo inayoungua. Kisha nguvu zikaisha. Nilikanyaga, halikupanda. Mvuke ukatoka kwenye kingo za boneti, mweupe, mwingi, ukifuka kwenye mvua nyepesi. Nilizima, nikaruka chini. Skola akachungulia kwenye turubai.

"Nini?"

"Limechemsha."

"Tia maji."

"Kufuli, dada."

Sijawahi kusikia mkunga akitukana vile, wala sijasikia tena. Alishuka, akachukua spana ya tairi chini ya kiti, akalipiga lile kufuli. Alilipiga kama analipiga na kitu kingine nyuma yake. Nyuma ya turubai Adeltruda alikuwa analia, mama yake anasali kwa Kingoni, na Skola anapiga, mpaka bawaba ikang'oka na boneti ikaachia. Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Na hapo ndipo lililofuata likatokea, na nataka nilieleze wazi, kwa sababu yupo mtu anayesoma hapa ambaye naye hajui. Gari likichemsha, hufungui kizibo cha rejeta. Unazima, unafunua boneti, unasubiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kukiondoa. Maji yaliyo mle ndani yamebanwa, ni moto kuliko maji yoyote ya sufuriani uliyowahi kuchemsha jikoni, na ukiyafungulia yanaruka. Ni jambo la sentensi mbili. Mtu angeweza kutuambia akiwa amesimama na kikombe cha chai. Skola alizungushia khanga kwenye mikono yote miwili, kama anayeipua chungu, kwa sababu ndivyo mtu yeyote mwenye akili angefikiri, akakisokota kile kizibo.

Sauti ilikuwa kama ya tairi kupasuka. Nilimwona akirushwa nyuma. Khanga ilikuwa imelowa maji yale na kushika kwenye ngozi, na nilipoitoa, vitu vingine vilitoka nayo. Shingo pia iliungua, na kidevu, lakini mikono ndiyo iliyonywa yote. Hakupiga kelele. Aliitazama mikono yake kama vitu alivyokabidhiwa na mtu asiyemjua. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Generoza. Ile ndoo yetu ya maji ya kunywa. Ilete nyuma." Akapanda kwenye pikapu kwa viwiko, akakaa, akazamisha mikono kwenye ndoo mpaka juu ya vifundo, akageuza uso kwa Adeltruda. "Haya mwanangu. Mimi sina mikono leo. Utatumia ya huyu."

Sikuwa muuguzi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilo. Skola alinielekeza kwa meno yaliyofumbana. Osha. Piga magoti hapa. Usivute, nasema usivute, subiri asukume mwenyewe. Kichwa kilipotoka alisogeza uso karibu, jasho linamdondoka, akaniambia nipitishe kidole shingoni, kitovu kimemzunguka, kitelezeshe juu ya kichwa kama unavyovua mkufu. Nilifanya. Mtoto akatoka, wa kike, wa rangi ya zambarau, kimya. "Msugue mgongo. Kwa nguvu! Si yai hilo." Nikasugua. Akalia. Mama yake Adeltruda akaanza kupiga vigelegele na kulia kwa pamoja, na Skola akalaza kichwa kwenye chuma cha gari, mikono bado ndani ya ndoo. Ndipo akaanza kutetemeka. Lori la mahindi lilitukuta tukiwa hivyo, likatubeba wote hadi mjini.

Nimeyaeleza haya mara nyingi na watu huwa wanafurahi pale mtoto anapolia, wanapumua, wanadhani simulizi imeisha vizuri. Mimi huwa nawakasirikia. Namshukuru Mungu kwa yule mtoto. Lakini Skola alikaa wodini mpaka Pasaka ikapita, na vidonda vilipopona, vilipona vibaya. Ngozi ilijivuta. Vidole vya mkono wa kulia vilikunjamana kuelekea kiganjani vikagoma kunyooka, na vya kushoto vilibaki vigumu kama vya sanamu. Siku aliyorudi Bombambili nilipika ugali na likolo, nikaweka kwenye jamvi kama kawaida. Alijaribu kumega. Tonge lilidondoka. Akajaribu tena. Nikachukua tonge, nikachovya, nikapeleka mdomoni kwake, akageuza uso. "Lete kijiko," alisema. Nilimfunga kijiko kwenye kiganja kwa kitambaa. Alikula hivyo, haraka, bila kunitazama, na redio niliizima mwenyewe kwa sababu ilikuwa inaimba wimbo wa furaha.

Bwana Mbawala alikuja kumwona mara moja. Alileta machungwa na soda, akaketi kwenye kiti cha sebuleni na kofia mapajani, akasema ajali haina kinga. Mimi nilikuwa jikoni natenga chai. Nikamsikia anashusha sauti, ile sauti ya mtu anayejiona anatoa ushauri wa kizazi: "Ila sista, tuambizane ukweli. Nani alikuruhusu kuvunja kufuli?"

Skola akaita: "Generoza, mfungulie mlango mgeni."

"Hata chai sijanywa."

"Mfungulie mlango."

Alitoka. Machungwa yake nilimrushia moja moja kwa mgongo barabarani, na majirani wa Bombambili waliokuwa wanapita na baiskeli walisimama kutazama. Sijutii hata chungwa moja.

Halafu nikasikia jambo baya zaidi. Nyuma ya ofisi kulikuwa na banda la jiko walikopikia chai ya wafanyakazi, lenye ukuta wa mabanzi, na mtu akizungumza upande wa pili ulimsikia kama mko kitanda kimoja. Pikapu ilikuwa imerudishwa, na fundi wetu, Yusufu, mwenye gereji karibu na soko, alikuwa ameitwa kuitazama injini. Nilikuwa nasubiri maji yachemke.

"Mzee, mimi nilikuambia," Yusufu alikuwa anasema. "Hiyo rejeta ilikuwa inavuja toka Krismasi. Ukasema tutie unga wa manjano izibe. Manjano inaziba siku mbili tatu, basi. Nilikuambia inataka kuchomelewa."

"Nyie mafundi mnapenda kula."

"Sasa ona."

"Sasa nione nini? Nilikuwa naongeza maji kila siku. Nimewahi kuliacha kavu? Ni siku moja tu sikuwepo. Na hilo la manjano liishie hapa, Yusufu. Unanielewa? Kazi za hapa bado unazitaka."

"Inshallah, mzee," akasema Yusufu, kwa unyonge.

Maji yalichemka, yakafurika, yakazima moto. Alijua. Kila asubuhi ile, alipokuwa anatufukuza tusisogee, hakuwa analinda gari dhidi yetu. Alikuwa anaficha tundu. Na alipokwenda Mbinga kula pilau alijua kwamba gari linakwenda Mpitimbi na tundu lake, na kwamba walio ndani hawawezi hata kulichungulia.

Kikao kiliitishwa. Mkuu wa mradi, mama mpole asiyependa ugomvi, alikaa katikati. Bwana Mbawala alisimama akaeleza habari za mali ya mradi, utaratibu, kiherehere cha kufungua kisichojulikana. Yusufu alikuwa ameitwa kama shahidi wa kiufundi, amekaa karibu na mlango na mikono yake yenye oili kati ya magoti. Nilisimama bila kuruhusiwa. Nilisema kila nililolisikia, rejeta, Krismasi, manjano, kufuli. Sauti ilinipasuka katikati lakini nilifika mwisho. Mkuu akamgeukia Yusufu. "Fundi, ni kweli?" Yusufu alitazama sakafu. "Mimi sikumbuki vizuri, mama," akasema. Bwana Mbawala akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi. Mkuu akasema tumeelewa, tusiongozwe na jazba, tumwombee mwenzetu. Skola akaachishwa kazi, kwa kuwa mkunga asiye na vidole si mkunga, na kwenye barua waliandika kwamba wanamtakia kila la heri. Kwenye boneti ya pikapu ikachomelewa bawaba mpya na kufuli kubwa zaidi. Nilipoliona, niliingia ndani, nikaweka funguo za gari mezani kwa mkuu, nikaenda nyumbani kwa miguu. Skola alikuwa mlangoni. Nilimwambia nimeacha kazi. "Mjinga," alisema, kisha akasogea nikakaa karibu naye.

Ilifika Juni na baridi yake. Asubuhi moja Skola aliamka, akaniambia nimfunge kilemba, tunatoka. Alitembea mbele yangu hadi gereji ya Yusufu, akaingia katikati ya magari, mafundi wakaacha kazi. Yusufu alikuwa chini ya lori. Skola akapiga bati kwa kiatu. "Toka huko."

Alitoka, akaona nani, akavua kofia. "Sista Skola. Assalaam... samahani. Pole sana."

"Acha pole. Ulikuwa na mdomo nyuma ya banda, kikaoni ukaupoteza. Leo utautafuta." Akanyoosha ile mikono mbele ya uso wake, karibu kabisa, mpaka Yusufu akarudi nyuma nusu hatua. "Utatufundisha. Kila kitu ambacho mtu wa kawaida anapaswa kukijua kabla ya kuwasha gari. Usiniambie ni kigumu. Ukiniambia ni kigumu nitasimama hapa na kuwaeleza wateja wako wote."

Alitufundisha. Tulikwenda kila siku gereji ilipofunguliwa, mimi nikiwa mikono yake, yeye akiwa ndiye anayeuliza, na anauliza kwa hasira, kama askari. Maji ya rejeta yanatazamwa lini? Asubuhi, injini ikiwa baridi. Kwa nini? Rudia. Kijiti cha oili unakichomoa, unakifuta kwa kitambaa, unakirudisha mpaka mwisho, unakichomoa tena, na hapo ndipo unasoma, kwa sababu ile mara ya kwanza kinadanganya. Nati za tairi unazilegeza gari likiwa bado chini, halafu ndiyo unapiga jeki. Mkanda wa feni ukianza kuchanika kama ncha za jamvi, usingoje ukatike. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri unausafisha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani. Skola alikasirika zaidi kadiri tulivyoendelea, na siku moja, tulipokuwa tunarudi, nilimuuliza kwa nini. Akasimama barabarani. "Kwa sababu ni rahisi!" alisema. "Umeona? Ni rahisi kuliko kukata kitovu. Nilidhani kuna siri mle ndani. Hakuna siri. Kuna maji na oili. Wamenichoma mikono kwa ajili ya maji na oili!"

Wa kwanza kuja nyumbani alikuwa mwalimu jirani yetu, mwenye kigari kidogo kilichokuwa kinamsumbua kuwaka. Skola alikaa kwenye kigoda, akamwambia fungua boneti. Mwalimu hakujua inafunguliwa wapi, alikuwa na gari lile mwaka mzima. Akaonyeshwa. Jumamosi iliyofuata akaja na mwenzake, kisha wakaja masista wawili wenye gari la parokia, muuza duka, mama mmoja aliyeachiwa gari na marehemu mumewe na kila fundi alikuwa anamla. Ua wetu ulijaa. Skola hakuwa mwalimu mpole. Aliyesema "mimi siwezi haya" alifukuzwa kwa dakika moja, kisha anaitwa tena. Mikono yake aliiweka mapajani, juu, pasipo kuifunika, na hakuna aliyeuliza swali la kijinga kuhusu kizibo cha rejeta.

Desemba ilipokuja, Jumamosi moja, lilisimama getini gari la bluu nililolijua. Aliyeshuka hakuwa Bwana Mbawala bali mkewe, Mama Fausta, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kanisani. Alikuja mpaka mbele ya kigoda, akapiga goti kidogo. "Skolastika. Nimesikia mnafundisha."

"Mumeo anajua uko hapa?"

"Hajui. Nilitaka kwanza nikupe pole. Siku nyingi nilitaka..."

"Pole yako sihitaji," akasema Skola. "Kama umekuja kujifunza, fungua boneti."

Nilitaka afukuzwe. Nilisimama nyuma ya Skola. Mama Fausta akafungua, akapima oili kama alivyoelekezwa, akatazama maji. Kisha Skola akamwonyesha kwa kidevu kile kikopo kidogo cheupe cha oili ya breki, chenye alama mbili ubavuni, akamuuliza anaona nini. Mama Fausta akainama. "Sioni kitu," alisema. "Kama kitupu." Nikaenda kutazama. Kilikuwa kikavu, na ndani ya ringi ya tairi la mbele kulikuwa na unyevu wa mafuta ulioganda na vumbi.

"Gari hili linakwenda wapi?" Skola aliuliza.

"Kesho baada ya misa. Yeye na watoto, Njombe, Krismasi."

Kila aliyekuwa pale aliijua Lukumburu, milima iliyo njiani kwenda Njombe, jinsi barabara inavyoteremka na kupinda. Nilimtazama Skola. Aliyafumba macho, na uso wake ukawa na kitu ambacho nisingependa kukiona kwa mtu yeyote. Nilisema, na nilikuwa nasema kweli, "Dada, hilo si letu." Akafumbua macho.

"Nipe hizo funguo," akamwambia Mama Fausta. "Hapa si pa kuongeza oili tu. Linavuja, linataka fundi. Wewe nenda nyumbani kwa miguu. Akitaka gari lake, aje mwenyewe."

Alikuja kesho yake ametoka misani, na suti, anahema. Alisimama getini. "Skolastika, nipe funguo zangu. Watoto wananisubiri."

"Halina breki," Skola akasema. Alikuwa kwenye kigoda chake, funguo zimening'inia kwenye kile kidole kilichojikunja, ambacho kwa kazi hiyo kilifaa. "Yusufu anakuja. Akimaliza utaondoka."

"Gari langu nalijua mimi! Nipe funguo!"

"Njoo uzichukue."

Alisogea hatua, akaiona mikono. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama bila vitambaa. Akasimama. Yusufu akaja na mkoba wake, hakumsalimia mzee, akavua lile tairi, akatoa kipira cha breki kilichochakaa na kukiweka kwenye jiwe pale wazi ili kila mtu akione. Alifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Muda wote huo Bwana Mbawala alisimama juani, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kiti. Mimi nilikaa kizingitini nikimngoja. Nilikuwa nangoja neno moja tu, hata lingekuwa la chini ya pumzi. Yusufu alipomaliza akaijaribu breki barabarani, akarudi, akaitikia kwa kichwa. Skola alinyoosha mkono. Bwana Mbawala alizitoa funguo kwenye kile kidole kwa ncha za vidole vyake, kwa uangalifu, asiguse ngozi, akaingia kwenye gari, akaondoka. Aliwafikisha watoto wake Njombe salama. Hakusema chochote.

Tulisikia gari likipinda kona na kupotea. Ndipo Skola, ambaye hakulia barabarani, hakulia wodini, hakulia mbele ya tonge lililodondoka, akaanza kulia, mdomo wazi, kwa sauti ile ile ya kuvuka barabara, na alilia kwa hasira tupu. Nilipiga magoti kumshika. Akanisukuma kwa kiwiko. "Niache nilie," alisema. "Na wewe usikae tu. Lile gari la masista limeachwa hapo tangu jana, hatujalitazama maji."

Nikanyanyuka, nikaenda kufungua boneti.